Tufungulieni ukumbi wa mtaa, tuna mablanketi ya kutandaza

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako. Mimi ni fundi wa nguo katika Soko la Uhuru, hapa Eastlands. Kazi yangu ni sare za shule, na anayelijua soko hilo anajua kinachobaki chini ya cherehani ikifika jioni: vipande vya tetroni na gabadini, vya samawati, vya kijani, vya damu ya mzee, vyembamba visivyotosha hata kola. Zamani vilikwenda jalalani vyote. Sasa mimi na kina mama wenzangu tunavijaza kwenye magunia, kwa kuwa tumeingia kazi ya kushona mablanketi ya vipande.

Kushona vipande wala si tatizo. Kila mmoja hushona kwake usiku, watoto wakishalala, akiacha robo inchi ya mshono kila upande. Kitenge tunachookota kwa mafundi wa magauni hufuliwa kwanza, maana kina wanga na hurudi kikiguswa na maji. Sweta kuukuu hatuzitaki, zinavutika.

Tatizo huja uso wa blanketi ukishakamilika. Blanketi hili lina tabaka tatu: uso wa vipande, blanketi la zamani katikati la kuleta joto, na shuka chini. Lazima tabaka hizo zitandazwe sakafuni zote pamoja, zinyooshwe kwa viganja kutoka katikati kwenda pembeni, kisha zipigwe bandi, yaani mishono mirefu ya kuzishikilia kwa muda, kila shibiri moja kabla ya kushonwa moja kwa moja. Tabaka la kati likikunjamana hata kidogo, aliyelala atalihisi mgongoni mpaka blanketi liraruke.

Sasa piga hesabu. Kitanda cha tano kwa sita kinahitaji blanketi la karibu futi saba kwa nane ili lining’inie pembeni. Wengi wetu tunaishi chumba cha futi kumi kwa kumi, na humo mna kitanda, makochi, meza, mtungi wa gesi na ndoo za maji. Utatandaza wapi? Tumejaribu juu ya paa la ploti, penye kamba za nguo. Upepo ulibeba tabaka la juu, na jinzi za jirani zikatudondoshea maji ya Omo kwenye shuka jeupe. Jirani mwenyewe alikuja juu akacheka, kisha akatusaidia kukunja. Ni mtu mzuri, lakini hatuwezi kumwambia asifue.

Hatua chache kutoka hapo kuna ukumbi wa umma. Sakafu yake ni ya saruji laini, madirisha ni makubwa, mwanga ni wa kutosha kuona uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi. Jumamosi kuna harusi, Jumapili kuna kanisa, na msimu wa kura kuna wanasiasa. Jumatatu hadi Ijumaa kuna kufuli. Tulipoulizia alasiri moja tu kwa wiki, tuliambiwa ada ni ileile ya harusi. Sitautaja ukumbi huo wala aliyetujibu, kwa sababu sina haja ya mtu kuitwa ofisini kwa ajili yangu. Haja yangu ni sakafu.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti jukumu la vituo vya utamaduni, michezo na burudani. Na kumbi hizi zetu hazikujengwa ziwe za kukodishwa kwa sherehe tu. Mtaa wa Kaloleni, uliojengwa miaka ya 1940, una ukumbi wake katikati ya nyumba, na kabla ya uhuru wa 1963 watu walikusanyika humo kwa mikutano ya siasa. Kama siasa ilipewa sakafu wakati wa mkoloni, sindano inyimwe leo kwa kosa gani?

Nimesikia pia kauli kwamba mablanketi ya vipande ni mchezo wa Wazungu wenye nafasi. Binti yangu alinionyesha kwenye simu habari za Gee’s Bend, kijiji cha Alabama kule Marekani. Wanawake Weusi, vizazi vya watumwa, walishona mablanketi kutokana na suruali za shambani zilizochakaa, kwa sababu nyumba zao zilipitisha baridi na pesa hazikuwepo. Leo mablanketi yao yako kwenye makumbusho, na mwaka wa 2006 posta ya Marekani iliyachapa kwenye stempu. Mimi niliangalia mishono. Mingine imepinda waziwazi! Nilifurahi sana.

Kauli hiyohiyo, ya mchezo wa Wazungu, tulitupiwa tulipoanza kutembea milimani na msituni. Mgongo wa fundi wa cherehani unajulikana, kwa hivyo Jumamosi zisizo na oda tunapanda matatu za 111 hadi Ngong na kufuata vilele vya milima ya huko, mitambo ya upepo ikizunguka juu ya vichwa vyetu. Lamwia, kilele cha juu kabisa, ni mita 2,460, na mimi hukifikia nikiwa wa mwisho, nikiwa na chapati za wote mkobani ili wasithubutu kuniacha. Lakini zaidi tunakwenda Karura, ambako ni karibu na nauli ni nafuu. Msitu ule tungekuwa tunausikia tu kwenye hadithi kama Wangari Maathai na wenzake hawangeusimamia dhidi ya wanyakuzi wa ardhi. Januari 1999 walipigwa langoni walipokwenda kupanda mti. Hata baada ya hapo, watu waliendelea kuuogopa kwa sababu ya majambazi. Leo wasichana wanakimbia humo peke yao asubuhi. Ua umesaidia na walinzi wamesaidia, lakini pia kuna watu ndani, kila siku. Ukumbi wenye kufuli siku tano kwa wiki hauna wa kuona bomba likivuja wala kioo kikivunjwa.

Hatuombi bure. Tutatoa ada ya kikundi inayolingana na mfuko wetu, tutafagia, tutatia sahihi kwenye daftari la ufunguo. Kikundi kimesajiliwa, vyeti tunavyo. Alasiri mbili kwa wiki zinatutosha, na siku nyingine wapewe vijana wa karate wanaojifunza kwenye kokoto, na wazee wa drafti wanaofukuzwa na mvua. Mablanketi mengine tunauza, mengine tunawapa kina mama wanaotoka hospitali na watoto wachanga wakati wa baridi ya Julai, na kwa sasa uso wa mablanketi manne umekunjwa chini ya kitanda changu ukisubiri mahali pa kupigwa bandi.

Mwenye ufunguo akisoma barua hii, apite Soko la Uhuru siku yoyote isipokuwa Jumapili, aulize kina mama wa mablanketi. Yeyote upande wa sare atamwonyesha.

Fundi wa sare,
Eastlands, Nairobi