Subiri Kidogo Kabla ya Kuwatenga Hao Wanambuzi

Shoga yangu Mama Salma,

Salaam nyingi. Huku sote wazima, kikohozi cha baba watoto kimepoa, na habari ya shemeji kuacha kazi tumeisikia. Hiyo tutaizungumza siku nyingine, maana leo kimenishika kitu kimoja tu. Unasema Jumamosi unawatenga wanambuzi wote na mama zao kwa mpigo, unawahamishia kile chumba kipya cha nyuma, na kwa kuwa vijana wa kukushikia watakuwepo, madume yahasiwe siku hiyo hiyo. Shoga, subiri kidogo. Niite kiherehere ukitaka.

Kwanza huo umri. "Wametimiza miezi miwili," unasema, kana kwamba kalenda ndiyo inayokula majani. Mtoto wa mbuzi huzaliwa na lile tumbo kubwa la kuchachulia majani likiwa dogo, halijaanza kazi. Maziwa hayapiti huko. Yana mfereji wake unaoyapeleka moja kwa moja tumbo la nne. Kinachokuza lile kubwa ni majani na chakula kikavu anachodonoa tangu wiki za mwanzo. Sasa asiyedonoa, hata awe na miezi miwili na ushee, ukimkatia maziwa umemkatia chakula chote. Ndiyo maana wafugaji wengi wa mbuzi wa maziwa huangalia uzito pia: awe amefikia kama mara mbili na nusu ya ule aliozaliwa nao. Na mtazame mchana akiwa amelala, anacheua? Kale kadogo unakosema kanasukumwa na ndugu zake, naapa bado hakajakolea kula. Kaache kanyonye.

Halafu namna yenyewe. Mbuzi jike mwenyewe hamwachishi mwanawe siku moja. Humpunguzia: mtoto kashika chuchu, mama anapiga hatua mbele na kuondoka zake, kesho tena, kesho kutwa tena, mpaka mtoto anaona bora akale majani. Sisi ndio tunaofunga mlango Jumamosi asubuhi. Utakachokiona ni kelele usiku kucha, wanatembea kandokando ya ukuta, hawalali, hawashughuliki na hori, uzito unasimama. Wengine huanza kunyonyana vitovu na masikio. Na ndio wakati kule kuhara damu kwa koksidia, vile vijidudu vya utumboni, kunapowapata, maana mwili umeshachoka. Kina mama nao wanalia, viwele vimewajaa.

Lakini kinachonikera zaidi ni kile chumba. Fundi kakupigia sakafu nzuri, kuta nne, hori moja, basi. Mbuzi afanye nini humo? Huyu mnyama kaumbwa kupanda na kuchungulia, na kula huku kasimama kwa miguu miwili. Ukimfungia kwenye sanduku tupu atatafuna mlango, kisha utakuja kuniambia ana tabia mbaya. Mimi niliwawekea gogo pana na ubao mnene juu yake. Yule mwekundu mwenye sikio lililochanika, unamjua, anapanda, anajirusha, anajipinda hewani, anatua na kurudi kwenye foleni. Wenzake wanasukumana kwa mapaji wakigombea zamu. Si mchezo wa bure huo. Mtoto mwenye njaa, homa au maumivu huacha kucheza mapema, kabla hata hujamwona amekonda. Ukishawatenga, mimi ningeangalia hapo kwanza: wamerudia kurukaruka lini?

Na ubao una kazi nyingine. Mbuzi wana ukubwa na udogo wao, mnyonge anahitaji pa kukimbilia. Juu atapanda, chini atajificha. Ongeza kikuta kifupi katikati ili yule mbabe asimwone kila mtu kutoka kwenye hori. Majani yafunge juu kidogo wayafikie kwa kujinyoosha, ila usiache kamba yenye kitanzi wala mwanya wa pembe tatu unaoweza kunasa shingo. Tairi lenye nyaya zilizochomoza tupa. Na usiweke gogo karibu na uzio, labda kama unataka kuwatafuta kwa majirani.

Sasa sikia, maana hapa ndipo ninapotaka kufika. Kwa nini wahame watoto? Waache watoto kwenye banda lao, na kina mama ndio waende chumba kipya. Mtoto atakuwa amepoteza maziwa tu, hajapoteza na nyumba na wenzake. Kazi ya fundi haijaharibika, imebadilishwa wapangaji. Magogo na mbao viweke humo bandani leo, mama zao wakiwa bado wapo, wavizoee bila hofu. Kisha anza kuwatenga usiku tu, fito zikiwa katikati: waonane, wanusane, wasifikie kunyonya. Asubuhi unakamua, mchana wanarudiana. Punguza hivyo hivyo mpaka ikatike. Kuhasi kuwe siku nyingine kabisa, na mtaalamu wa mifugo awepo, nimesema, kabisa. Ila usicheleweshe mno nako, yale madume yakifika miezi mitatu, minne yanaweza kuwapanda dada zao.

Najua shemeji atasema tunawadekeza. Mwambie aje alale karibu na banda usiku ule wa kwanza.

Hebu nijibu: wote wanapata nafasi ya kula kwa pamoja au kuna wanaosubiri? Chumba kipya kina mlango wa fito au fundi kaziba kwa bati? Kale kadogo kana ndugu pacha wa kubaki naye, maana peke yake kasikae hata usiku mmoja? Dawa ya koksidia umeshaulizia? Yule wa Bi Mkubwa kazaa au bado tunaambiwa kesho? Na mizani yangu, shoga, umeshapima hata mmoja au imekuwa pambo la sebule? Nijibu kabla ya Jumamosi, hata maneno mawili.

Wako,
Mama Juma