Shukrani kwa Dada wa Maktabani, Toronto

Nilifika Toronto mwaka 2019 nikiwa mhasibu kutoka Tanga, na kwa miezi mitano kila ofisi iliyojibu barua yangu iliuliza jambo moja tu: una uzoefu wa Kanada? (Tangu Januari 2026 sheria ya Ontario, jimbo ambamo Toronto imo, inawakataza waajiri wenye wafanyakazi 25 au zaidi kudai uzoefu huo katika matangazo ya kazi, kwangu imechelewa.)

Dada mmoja, ambaye hapendi nimtaje, alinisikia nikizungumza Kiswahili kwa simu nje ya maktaba, akanisalimu, kisha akaomba kuuona wasifu wangu. Alifuta kwa kalamu picha, umri, dini na hali ya ndoa, mambo ambayo kwetu ni ya kawaida lakini huko hayaandikwi, na kurasa tano zikabaki mbili. Jumamosi tatu mfululizo, akitoka zamu ya usiku ya kuhudumia wazee, alinifanyia usaili wa majaribio, akinikatiza kila niliposema "tulifanya" pale ambapo kazi niliifanya peke yangu. Alinielekeza mahali pa kupeleka shahada yangu ikatathminiwe, na ada akanikopesha bila kuandikiana.

Dada, fedha nimekurudishia; Jumamosi zako nimeanza kuzilipa kwa kijana wa Bujumbura aliyeniletea wasifu wa kurasa sita. Nanyi mliokwisha kupata kazi ugenini, nawaomba mketi na mgeni mmoja, kalamu mkononi.