Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Bandari: geti la tatu halioni nyutroni

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Pole na majukumu. Tangu Jumanne iliyopita malori yanayopita geti la tatu yanapimwa mionzi ya gama peke yake, kwa sababu mirija ya nyutroni "imekufa". Gama za plutoniamu, malighafi ya mabomu ya nyuklia, mtu anaweza kuzificha kwa madini ya risasi. Nyutroni zake hupenya risasi hiyo hiyo bila hodi.

Jibu la ofisi ni lile la mwaka jana: heliamu-3, gesi ya ndani ya mirija inayonasa nyutroni, haipatikani. Adimu ni kweli. Inatokana na tritiamu (hidrojeni yenye mionzi) ya silaha za nyuklia, ambayo nusu yake huoza na kuwa heliamu-3 kila miaka 12.3, silaha zikapunguzwa, na baada ya 2001 mageti kama haya yakafyonza akiba iliyobaki. Ila Mheshimiwa, heliamu-3 haiishi kama gesi ya kupikia. Mrija mzima hudumu miongo. Tunahisi kilichokufa ni kiunganishi cha volti kubwa, kwa unyevu huu wa pwani. Kisafishwe kwa spiriti, kikaushwe, silika jeli ibadilishwe, kisha itazamwe spektra, yaani mchoro wa nishati za mapigo ya mrija: kilele cha keV 764, nishati inayotoka heliamu-3 ikinasa nyutroni, kikijitokeza, gesi ipo. Ni kazi ya asubuhi moja, na kibali chake tunakisubiri tangu "robo ya pili" uliyoahidi. Hukusema ya mwaka gani.

Badala yake tunasikia inaletwa mirija ya boroni, mmoja kwa mmoja. Hapana! Boroni-10 hupakwa ndani ya mrija kwa unene wa mikroni chache tu; ukiizidisha, chembe za alfa, zinazotoka boroni ikinasa nyutroni, hukwama humo humo na hazifiki kwenye gesi. Mrija mmoja wa namna hiyo hauwezi kushika nafasi ya mmoja wa heliamu. Inatakiwa mingi, ikiwa imezungukwa na polietilini ya kupunguza mwendo wa nyutroni. Mbadala mwingine, boroni trifloridi, ni gesi ya sumu, inakula vyuma. Karatasi za lithiamu-6 na zinki salfidi, zinazomweka mwanga zikinasa nyutroni, tungezipokea kwa mikono miwili, mradi saketi isihesabu gama kali kuwa nyutroni.

Kwa hiyo, kabla ya malipo, pimeni. Kalifoniamu-252, chanzo cha nyutroni cha kupimia, iwekwe mita 2 kutoka getini: angalau hesabu 2.5 kwa sekunde kwa kila nanogramu. Kisha iongezwe gama ya miliröntgen (kizio cha mionzi) 10 kwa saa. Hesabu isipande wala kushuka zaidi ya asilimia 10. Na tarehe ya cheti cha chanzo isomwe, maana nusu ya kalifoniamu huoza kwa miaka 2.6. Muuzaji akikataa kipimo, asilipwe.

Ile mirija ya zamani nayo isiende kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Mrija mmoja wenye urefu wa mita 1.8, kipenyo sentimita 5 na shinikizo la angahewa 3 una zaidi ya lita 10 za gesi ambayo lita moja iliwahi kufika dola 2,000.

Tunarudia, Mheshimiwa: pimeni kwanza. Kalifoniamu, mita 2, kabla ya saini.

Wako katika kazi,
Mafundi wa mageti ya mionzi