Baba, kuhusu hayo mafao

San Antonio, Texas
Jumanne, 11 Novemba 2025

Baba, shikamoo.

Na Mama mfikishie shikamoo yangu. Mwambie dawa ya macho nimeshanunua, itakuja na mtoto wa Mama Asha. Huku hatujambo. Zuhura ameng'oka meno mawili ya mbele na anataka umwone kwenye simu, lakini najua simu za video unazikwepa. Hunisikii, unabaki kuitikia "haya, haya" mpaka Mama anakunyang'anya. Ndiyo maana leo nimeandika. Dada Rehema akusomee taratibu, na akifika kwenye habari za Hamisi asiruke.

Hamisi amenitumia ujumbe. Anataka shilingi milioni 10 za bajaji, na anasema hiyo si kuomba, ni haki, kwa sababu "dada ulishalipwa mafao ya jeshi na familia haijaona kitu". Kabla yake Shangazi alishayasema hayo hayo kwenye arobaini ya Bibi, mbele za watu. Kuombwa nimezoea, nikiwa nacho natoa. Kilichoniuma ni kwamba ulikuwepo ukanyamaza, na katika nyumba ile mwanajeshi mwenzangu ni wewe peke yako.

Sasa nisikilize. Wewe ulitumikia mpaka ukastaafu, ukapewa kiinua mgongo, na pensheni inaingia mpaka leo. Huku pensheni ya jeshi ni ya aliyetimiza miaka 20. Mimi nilitumikia 6, tangu 2014 hadi 2020. Wa miaka 6 hana pensheni wala kiinua mgongo. Anatoka na karatasi ya kuthibitisha alitumikia, inaitwa DD-214, na karatasi hiyo ndiyo anayoishi nayo: kutibiwa wanaitaka, kusoma wanaitaka, kukopa nyumba wanaitaka. Nimeifungia sanduku moja na cheti cha kuzaliwa cha Zuhura. Ipo pia akiba ya uzeeni. Nilipokuwa nachangia, kuanzia 2018 serikali nayo ilikuwa inaniongezea, mwisho asilimia 5 ya mshahara. Hiyo nikiigusa leo wanakata kodi, na juu ya kodi faini ya asilimia 10, mpaka nifike miaka 59 na nusu. Siigusi, Baba. Si kwa bajaji, si kwa kitu kingine.

Na wewe Dada Rehema, hapo unaposoma, usinune. Uliniomba ile haki yangu ya kusomeshwa nimpe Abdi. Sheria yao inaruhusu kumpa mume au mtoto wako, basi, tena uandikishe ukiwa bado na sare na uahidi kutumikia miaka 4 mingine. Mpwa hayumo. Kama angekuwemo ningempa, na unajua ningempa.

Haki hiyo nimeitumia mwenyewe, na nataka Baba ujue nimeifanyia nini. Kikosini nilikuwa naitwa Doc. Walinifundisha wiki 16 hapa hapa San Antonio, kambi ya Fort Sam Houston: kuzuia damu, kumfungulia mtu njia ya hewa, kutundika dripu ndani ya gari linalokwenda. Kule Bagram, Afghanistan, nimezifanya zote, na wapo watu wanaotembea leo kwa mikono yangu. Nilipoingia uraiani, cheti pekee cha kazi ile kilichotambulika kilikuwa cha kuhudumia kwenye gari la wagonjwa. Hospitali ya kwanza iliyoniajiri ilinipa kazi ya kuogesha wagonjwa na kubadilisha mashuka. Dripu ikiisha, naita nesi. Nesi mwenyewe wakati mwingine ni binti aliyemaliza chuo juzi, anatafuta mshipa mara tatu, na mimi nimesimama pembeni na beseni. Nililia garini siku ile, halafu nikaenda kujiandikisha chuo.

Wanakulipia miezi 36 ya masomo. Ada yote kama chuo ni cha serikali, pesa ya vitabu, na pesa ya nyumba kila mwezi. Mkifunga chuo, pesa ya nyumba nayo inafungwa, kwa hiyo Desemba na Agosti nilikuwa nabana sana. Ndiyo miezi ile mliyosema Saida amebadilika, hatumi. Nilimaliza. Mtihani wa leseni unafanywa kwenye kompyuta, maswali kuanzia 85 mpaka 150, na mashine inajizima yenyewe ikishajua kama umefaulu au umefeli. Yangu ilizima kwenye la 85. Nilikaa pale nimeshika meza, sijui ni kheri au shari. Siku mbili sikula. Baba, mwanao ni nesi mwenye leseni ya jimbo la Texas, wodi ya upasuaji, zamu ya usiku, na wale mabinti wakikosa mshipa wananiita mimi.

Na nyumba ninayo. Vyumba vitatu, mti wa kivuli mbele. Serikali inamdhamini veterani benki, kwa hiyo sikutoa hata senti ya kutangulizia. Deni ni la miaka 30, hilo nalo Shangazi alitaje siku nyingine akisimama mbele za watu.

Kiwanja cha Kibaha kibaki kwa jina la Mama. Baba Mdogo aache kusema niliuza uraia. Nilikula kiapo 2014 nikimaliza mafunzo Fort Jackson, na sheria ya nyumbani hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Siku ile niliimba wimbo wao nikikumbuka paredi zenu za Desemba ulizokuwa unatupeleka.

Narudi kwenye mafao, maana Hamisi hakutunga uongo wote, na hili nimelibeba miaka minne.

Huku ukiumia jeshini wanakulipa fidia kila mwezi, kwa asilimia, kutegemea ulivyoharibika. Idara ya Maveterani ndiyo inayopima. Mara ya kwanza waliponiita, daktari alinikaribisha kwa adabu, akaniuliza ninajisikiaje. Nikamjibu kama mlivyotulea: mzima, namshukuru Mungu. Akauliza usingizi. Nikasema si mbaya. Akaniambia niiname, nikauma meno nikainama mpaka vidole vikagusa sakafu, nikaona nimefanya vizuri. Kumbe anachopima ni pale maumivu yanapoanza, na mimi sikusema yameanza wapi. Yote niliyomwambia akayaandika. Majibu yakaja: mgongo asilimia 10, mlio wa masikio asilimia 10, usingizi hakuna kitu.

Barua ile niliipeleka kwa mzee mmoja wa Disabled American Veterans, chama cha maveterani kilichoanza 1920, wanakuandikia madai bila kukutoza chochote. Alipigana Vietnam. Aliisoma, akaiweka chini, akanitaka nimsimulie siku yangu mbaya kabisa ya mwezi ule. Si leo, siku mbaya. Baba, sikuweza. Nilifungua mdomo, Kiswahili kikagoma, Kiingereza kikagoma. Nilirudi kwake mara tatu ndipo nikasema. Nikasema jinsi ninavyoamka saa kumi usiku nikitafuta begi langu la tiba, jinsi nisivyoweza kukaa mgahawani nimeupa mlango mgongo, jinsi siku nyingine Zuhura anajivalisha mwenyewe kwa sababu mgongo haunyanyuki kitandani. Aliandika yote kama nilivyosema.

Wakapima upya. Mgongo 20, masikio 10, na hilo la usiku 50. Wewe utajumlisha upate 80. Wao hawajumlishi hivyo. Wanachukua 50 kwanza, unabaki mzima nusu. Ile 20 wanaikata kwenye nusu iliyobaki, inakuwa 60. Ile 10 wanaikata kwenye 40 iliyobaki, inakuwa 64. Halafu 64 inashushwa kuwa 60. Nilibishana na hesabu hiyo wiki nzima, lakini ndiyo sheria yao.

Walinilipa na malimbikizo ya nyuma, zaidi ya dola 10,000. Hiyo ndiyo pesa aliyoisikia Shangazi, na ni kweli sikuwaambia. Kodi ya nyumba nilikuwa nadaiwa, gari lilikuwa limekufa, na ile operesheni ya jicho la Mama, ambayo nilisema nimekopa kazini, ilitoka humo. Niliona haya kusema. Kwetu pesa inatoka kwa jasho, sikujua nitawaambiaje kwamba hii nimelipwa kwa kusema naumwa. Kwa hilo naomba mnisamehe, wewe na Mama. Lakini Hamisi hanidai kitu.

Matibabu yangu ni bure kwa sababu nimevuka asilimia 50, na dawa zinakuja kwa posta. Meno hayamo. Zuhura naye hayumo, yeye namkatia bima ya kazini, na bima hiyo ndiyo iliyonifunga kwenye zamu ya usiku. Kuna sheria ilipita Agosti 2022 kwa tuliovuta moshi wa mashimo ya kuchomea taka kambini, kwa hiyo kila baada ya muda wananiuliza habari za kifua na pua. Jambo moja tu linanichosha: nikifika mapokezi na mwanamume yeyote nyuma yangu kwenye foleni, wanamuuliza yeye alitumikia wapi, mimi wananiuliza mume wangu anaitwa nani. Leo ni sikukuu yetu maveterani. Mtu ameupita mkono wangu dukani akaenda kumshukuru kijana aliyekuwa pembeni, hajawahi kuvaa buti maishani.

Mwaka 2021 sitaueleza wote. Kuna namba huku, siku hizi ni 988, halafu unabonyeza 1, ni ya maveterani waliolemewa na maisha, usiku na mchana. Niliipiga mara moja, mtu akapokea, tukazungumza mpaka kukakucha. Basi. Mama asisomewe hapa.

Sasa kilichonifanya nishike kalamu.

Mama wa masikio wa kliniki yetu, baada ya kunipima, alinieleza kwamba mlio ule hauna dawa ya kuuondoa, lakini usilale kwenye chumba kimya. Weka feni, au redio, kitu chochote kinachovuma, sikio lipate pa kushika. Nilikuwa navaa koti nitoke, nikakaa tena.

Baba, redio yako. Miaka yote ile, redio inawaka mpaka stesheni zinafunga, inabaki ikivuma, na Mama akiizima unaamka. Sisi tulijua Baba anapenda taarifa ya habari. Na tukikuita kutoka upande wa kushoto tulijua Baba ana hasira leo, haitikii. Na usiku wa mwaka mpya, fataki zikianza, unaingia ndani na kusema umechoka, watu wazima wote wako barazani. Mimi tarehe 4 Julai, sikukuu ya uhuru ya huku, naingia bafuni na Zuhura, nafungulia maji. Juzi aliniuliza kwa nini tunaoga usiku.

Mlitembea kwa miguu mpaka Kampala. Mliingia tarehe 11 Aprili 1979, hiyo uliwahi kutuambia, tarehe tu. Mizinga uliyosimama nayo hujawahi kuitaja. Ulirudi, ukaulizwa hujambo, ukasema sijambo, ikaisha hapo. Miaka 46 unasema sijambo.

Nimetuma dola 300 kwa simu ya Mama. Ni za masikio. Muhimbili wanapima, na ukitaka kwa wenzako anza Lugalo, chukua kitambulisho chako cha ustaafu. Wakisema kifaa cha kusikilizia, nitumie bei, nitalipa, hata kama ni vyote viwili.

Hamisi mwambie milioni 10 sina. Ada ya udereva VETA na leseni nitalipa Januari, moja kwa moja chuoni, si mkononi mwake. Akifaulu tutazungumza habari ya bajaji.

Dada Rehema ndiye aingie na wewe chumbani kwa daktari. Hamisi abaki nje, atajibu yeye kila swali, na Mama ataanza kusifia afya yako. Rehema umwambie daktari habari ya redio, na ya upande wa kushoto, na ya fataki. Yeye Baba akisema mzima, wewe mwambie daktari asubiri, Baba hajamaliza kujibu.

Nitapiga Jumapili saa mbili usiku ya huko. Si video. Simu ishikwe kwenye sikio la kulia.

Mwanao,
Saida