Foleni ya Kariakoo ni paking

Mhariri, salaam. Foleni ya Kariakoo hapa Dar tunailalamikia kila siku ila paking hatuigusi, wakati gari nyingi zinazozunguka Msimbazi na Lumumba asubuhi haziendi popote, zinatafuta tu pa kusimama, dogo anakupungia kitambaa rudi rudi bosi, ukishaingia anataka yake na ushuru nao unakusubiri. Mwenye paking ya bure ofisini hajali, atakuja na gari peke yake mpaka astaafu. Mabasi ya Mwendokasi toka Kimara yapo tangu 2016, sawa, ila gari uliache wapi kule, baa? Wahusika waweke paking ya bei poa yenye mlinzi vituo vya mwisho, halafu ya mjini wapandishe hata mara mbili, mi sinung'uniki.

Msomaji, Mbezi