Ndugu wa nanasi juu ya Roraima

Mpenzi Zuhura,

Salamu kwako na kwa wote hapo Kiwangwa. Barua yako imefika. Umeuliza kama nanasi linafaidi yale maji yanayotuama kwenye mashina ya majani. Naam, linafaidi. Mimea ya jamii yake, bromelia, hufyonza maji kwa majani.

Sasa nikusimulie habari za ndugu yake mmoja. Venezuela, Brazil na Guyana zinapokutana upo mlima Roraima, mita 2,810, kuta zake wima, juu tambarare kama meza. Wapemon, wenyeji wa huko, huita milima ya namna hiyo tepui. Iko mingi, kila mmoja umejitenga, ndiyo maana ina mimea isiyoota kwingine popote duniani. Mvua ya huko haina huruma: imeosha rutuba, yakabaki mawe ya mchanga na tope.

Katika umaskini huo huota Brocchinia reducta. Majani yake, kijani cha kuelekea manjano, hayatandazi kama ya nanasi. Yamesimama yakakumbatiana hata yakawa bomba. Upande wa ndani yamejipaka unga wa nta, na chini kuna maji yenye tindikali yanayonukia asali. Sisimizi akiifuata harufu ile, unga unabanduka miguuni mwake, anaporomoka hadi majini. Akioza, mmea unajipatia naitrojeni ambayo udongo umeunyima.

Tena humo majini huweza kuishi mmea mwingine, Utricularia humboldtii, wenye maua ya zambarau. Huo huwanasa wadudu wadogo wa majini kwa vifuko vinavyowavuta ndani ghafla, kisha hurefusha vitawi vyake hadi vidumbukie kwenye bomba la jirani. Zuhura, mwindaji ndani ya mtego wa mwindaji mwenzake! Sijasoma habari ya mimea iliyonipendeza kuliko hii.

Lakini nina hofu. Wapanda milima Everard im Thurn na Harry Perkins walifika kilele cha Roraima mwaka 1884. Leo watalii hupanda kwa makundi, na tope lililokanyagwa halirudi upesi. Joto nalo likizidi, mmea wa bondeni unaweza kusogea juu, huu wa kileleni uende wapi? Lobelia zetu za Kilimanjaro, ambazo nazo hutunza maji katikati ya majani, zinakabiliwa na swali hilohilo.

Mwanao anayesomea mimea mwambie aniandikie, nitamtumia picha nilizonazo. Nakutakieni mavuno mema.

Wako,
Rehema