Shida haziachwi getini

Mwanangu mpendwa,

Hujambo? Sisi hatujambo, na baba yako anakusalimu. Tumefurahi mno kusikia umepewa watu wa kuwasimamia. Ila lile ulilonisimulia kwenye simu, kwamba meneja wako amekuonya usisikilize mambo ya nyumbani kwa wafanyakazi, ati shida ziachwe getini, limenikaa rohoni. Sikutaka tubishane kwa simu, ndiyo maana nakuandikia.

Shida haziachwi getini, mwanangu. Aliyekesha hospitalini na mgonjwa ataingia kazini na macho yaleyale. Anayedaiwa ataingia na simu inayolia kila mara, na kila ikilia moyo unampasuka. Ukimkataza kusema, atanyamaza, halafu utakuja kuyaona kwenye makosa, kwenye kuchelewa, kwenye ugomvi na wenzake. Mwisho utamwandikia barua ya onyo kwa jambo usilolijua chanzo chake.

Lakini pia usijibebeshe yasiyo yako. Huwezi kumlipia mtu deni, kumfufulia marehemu wala kumpatanisha na mwenzi wake. Kilicho mikononi mwako ni kazi: zamu, tarehe za mwisho, mahali anapokaa, ruhusa ya kutoka mapema. Hapo ndipo msaada wako ulipo, na ni mkubwa kuliko unavyodhani.

Nilipokuwa nasimamia chumba cha hesabu, tulikuwa na karani mmoja hodari sana. Ghafla akaanza kukosea. Nikawa namwona ameweka simu mapajani, na kila ikitetemeka anapoteza mstari, anaanza kujumlisha upya kutoka juu. Nilimwita faragha nikamwambia, "Naona siku hizi kazi haikuendei kama kawaida yako. Kuna kitu hapa kazini tukikibadilisha kitakupa nafuu?" Ya nyumbani sikuuliza. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Naomba nisiwe natoka saa kumi na moja." Kumbe saa hiyo mumewe humngojea nje, na ngumi zilianzia njiani. Tukamhamishia zamu ya asubuhi, mlinzi akaagizwa asimruhusu yule bwana kuingia, na simu za mezani zikawa zinapokewa na mtu mwingine. Nilimpa pia namba ya mnasihi, nikamwachia mwenyewe aamue. Mengine hakuniambia, nami sikumchimba.

Usidhani hiyo ni huruma ya mama yako tu. Mwaka 2019 Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilipitisha Mkataba namba 190 wa kukomesha ukatili na unyanyasaji kazini. Pendekezo namba 206 linaloandamana nao linataja waziwazi ukatili wa majumbani, na hatua ambazo mwajiri anaweza kuchukua: likizo kwa aliyetendewa, utaratibu wa kazi unaobadilika, na ulinzi wa muda asiachishwe kazi. Msomee meneja wako.

Sasa siri. Hapa naomba usome polepole. Usimwahidi mtu kwamba hutamwambia yeyote kabla hujasikia anachotaka kusema. Mwambie mapema kuwa mazungumzo yatabaki kwako, isipokuwa pale maisha ya mtu yakiwa hatarini. Kwenye faili andika kilichobadilishwa, si sababu yake, isipokuwa sheria au utaratibu wa ofisi ukidai. Wenzake wakiuliza mbona fulani anatoka mapema, jibu kwamba amepangiwa hivyo, basi. Siri ya mtu mmoja ikivuja, hakuna mwingine atakayefungua mdomo mbele yako tena, na hapo utakuwa unasimamia watu usiowajua.

Kisha usimhubirie mtu, wala usimwambie kwamba wengine wana makubwa kuliko yake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sikiliza, uliza anahitaji nini, mkubaliane hadi lini, na mpange siku ya kuangalia tena. Hiyo tarehe ni muhimu, maana bila yake wenzake wataona upendeleo, na mzigo wake utamwangukia mmoja aliye mpole. Ugawe mzigo, au uombe muda wa kazi usogezwe.

Kuna jambo wakubwa wengi hawapendi kulisikia: mara nyingine shida inatoka kazini kwenyewe. Shirika la Afya Duniani (WHO) linaueleza ule uchovu wa kuishiwa nguvu kuwa unatokana na msongo wa kazini uliodumu bila kushughulikiwa, na haliuhesabu kuwa ugonjwa. Kwa hiyo watu kadhaa wa timu moja wakilalamika kuwa hawalali, usikimbilie kuwapeleka kwa mnasihi. Kaa na ratiba ya zamu uikague. Na kama meneja wako ni mtu wa hesabu, mwambie kwamba WHO na ILO wanakadiria siku za kazi bilioni 12 hupotea duniani kila mwaka kwa sababu ya sonona na wasiwasi. Atakusikiliza.

Nimebakiza moja, nalo linakuhusu wewe. Juzi ulinipigia saa nne usiku nikasikia mashine ya kuchapa inafanya kazi nyuma yako. Mwaka 2021 mashirika hayohayo mawili yalitangaza kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi iliyozidi kwa takriban asilimia 35 kuliko anayefanya saa 35 hadi 40. Tena watu wako wanakutazama. Ukikaa ofisini mpaka usiku, nani atathubutu kukuomba aende kumwona mgonjwa wake?

Nijibu bila kunificha: wiki iliyopita ulifanya kazi saa ngapi? Nasubiri simu yako Jumapili.

Mama yako akupendaye